Homa, koo na kidonge cha tezi ya shingo: kwa nini usisubiri mpaka kesho

Ukipata homa Tunduma, majibu ya haraka yanajulikana: malaria, taifodi, UTI, au mafua tu ya vumbi la malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Mara nyingi mojawapo ya majibu hayo huwa sahihi. Lakini kuna kundi dogo la watu ambao homa na koo kuuma kwao vinaweza kuwa ni taarifa ya jambo jingine kabisa: kwamba damu yao imeishiwa askari wake. Hawa ni watu wanaotumia dawa za kutuliza tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi.

Tukio hilo ni nadra sana. Hata hivyo linaua likicheleweshwa, na linazuilika kwa maelekezo mafupi ambayo wagonjwa wengine hawajawahi kupewa. Twende taratibu, kuanzia shingoni mpaka ndani ya mfupa.

Tezi inayokwenda mbio

Tezi ya thairoidi ipo mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, na umbo lake ni kama kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazopanga mwili utumie nishati kwa kasi gani. Ikitengeneza homoni kidogo mno, mwili unapoa na kuwa mzito. Ikitengeneza nyingi mno, kila kitu kinakimbia: moyo unadunda mbio, mikono inatetemeka, jasho halikauki, usingizi unapotea, na mtu anakonda huku anakula vizuri tu. Wengine macho yanatokeza. Mtaani mgonjwa wa namna hii anaanza kunong'onwa kwamba "ameungua", kumbe ni tezi.

Sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni ugonjwa wa Graves, uliopewa jina la Robert Graves, daktari wa Dublin aliyeuelezea mwaka 1835. Hapa kinga ya mwili inatengeneza kingamwili zinazoichochea tezi bila kupumzika. Ya pili ni goita yenye vinundu, yaani uvimbe wa siku nyingi ambao baadhi ya vinundu vyake vimeanza kutoa homoni bila kusikiliza amri ya ubongo.

Sababu hii ya pili inatuhusu sana watu wa nyanda za juu kusini. Songwe ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya mpaka mwaka 2016, na ukanda huu wote ulijulikana kwa goita kwa miaka mingi kwa sababu ya upungufu wa madini joto kwenye udongo na chakula. Ndiyo maana Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kwenye wilaya zilizoathirika zaidi, na miaka ya 1990 ikaanza kuhimiza kila nyumba itumie chumvi yenye madini joto. Hatua hiyo imewanusuru watoto wengi, na hakuna sababu ya kuiacha. Ila kwa watu wachache, hasa wenye goita kuukuu, madini joto yanapowasili baada ya ukame wa miaka, vinundu hivyo vinaamka na kuanza kumwaga homoni. Miaka ya 1990 madaktari waliripoti jambo hilo kule Zimbabwe na Kivu.

Kidonge kinafanya nini

Ili kutengeneza homoni, tezi inachukua madini joto na kuyapachika kwenye protini kwa msaada wa kimeng'enya. Dawa tunazozizungumzia zinakizuia kimeng'enya hicho. Kwetu inayotumika zaidi ni kabimazoli; kwenye boksi utaona imeandikwa Carbimazole, au jina la biashara kama Neo-Mercazole. Ikiingia mwilini inageuzwa kuwa methimazoli, ambayo katika nchi nyingine hutolewa moja kwa moja. Ya tatu ni propilithayourasili, maarufu kama PTU. Zote tatu ni ndugu wa ukoo mmoja.

Dawa hizi haziondoi homoni iliyokwisha kutengenezwa. Akiba iliyopo inahitaji wiki kadhaa kuisha, ndiyo maana mgonjwa haoni nafuu siku ya pili. Katika kipindi hicho daktari huongeza dawa kama propranololi ili kutuliza moyo.

Historia ya dawa hizi ilianza na panya. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, watafiti Marekani waligundua kwamba panya waliopewa kemikali fulani zenye salfa waliota goita, kwa sababu tezi zao zilishindwa kutengeneza homoni. Daktari Edwin Astwood wa Boston akajiuliza: kama kemikali hizi zinaizuia tezi ya panya, je, haziwezi kumsaidia binadamu ambaye tezi yake imezidisha? Mwaka 1943 alichapisha majibu. Tiba ilifanya kazi. Lakini miongoni mwa wagonjwa wa mwanzo kabisa waliopewa thayourasili, mmoja damu yake iliishiwa chembe nyeupe. Yaani tiba na hatari yake vilijulikana pamoja. Dawa zilizofuata, PTU mwishoni mwa miaka ya 1940 na kabimazoli mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilipunguza tatizo hilo lakini hazikulimaliza.

Askari wanaoishi kwa saa chache

Ndani ya mifupa yetu kuna uboho, kiwanda cha damu. Kati ya bidhaa zake ni nyutrofili, aina ya chembe nyeupe ambazo ndizo za kwanza kufika bakteria wanapovamia. Zinawameza bakteria na kufa nao. Usaha unaouona kwenye jipu sehemu yake kubwa ni nyutrofili zilizokufa kazini.

Maisha yao ni mafupi. Kwenye mzunguko wa damu nyutrofili inakaa saa chache tu, kisha inahamia kwenye tishu. Kwa hiyo uboho unalazimika kutengeneza mpya karibu bilioni 100 kila siku. Linganisha na chembe nyekundu, ambazo huishi takriban siku 120. Kiwanda kikisimama leo, wekundu wa damu hautaonyesha tofauti kwa wiki nyingi, lakini nyutrofili zitaisha ndani ya siku chache.

Hicho ndicho kinachotokea kwa mgonjwa mmoja mmoja anayetumia dawa za tezi. Nyutrofili zinashuka chini ya 500 kwa kila mikrolita ya damu, wakati mwingine mpaka karibu na sifuri. Kitaalamu hali hii inaitwa agranulositosisi. Wanasayansi wanaieleza kwa njia mbili. Moja ni kwamba dawa inaifanya kinga ya mwili izione nyutrofili na mama zao kwenye uboho kama maadui, na kuziua. Nyingine ni kwamba mazao ya dawa yenyewe ni sumu kwa chembe hizo. Huenda njia zote mbili zinachangia. Urithi nao umo: tafiti za Taiwan, Hong Kong na Ulaya zimeonyesha kwamba watu wenye aina fulani za jeni za kinga wana hatari kubwa zaidi, na jeni zilizoonekana Asia si zilezile zilizoonekana Ulaya.

Sasa kwa nini koo? Kwa sababu mdomo na koo vimejaa bakteria hata ukiwa mzima, na nyutrofili ndizo zinazowaweka kwenye mstari kila saa. Walinzi wakiondoka, wanaoanza fujo ni wale waliokuwa wamekaa mlangoni tayari. Mgonjwa anapata homa ya ghafla, kutetemeka kwa baridi, koo kuuma kiasi cha kushindwa kumeza, na vidonda mdomoni au kwenye fizi. Na kwa kuwa hakuna nyutrofili za kutengeneza usaha, koo linaweza lisionyeshe ule weupe tuliouzoea kwenye tonses. Anayelitazama haraka anaweza kusema "mbona si baya sana".

Ni nadra kiasi gani?

Makadirio ya kawaida ni kati ya mtu 1 na watu 5 kwa kila 1,000 wanaotumia dawa hizi. Jaza mabasi 20 yenye abiria 50 kila moja, wote wanatumia kabimazoli: unatarajia kati ya abiria mmoja na watano katika mabasi yote. Si wengi, ila si sifuri.

Muda ndio wenye maana zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Japani walichambua visa 754 vilivyokusanywa kwa miaka 30. Zaidi ya wanne kati ya kila wagonjwa watano walipata tatizo ndani ya siku 90 za kwanza. Kati ya visa vyote hivyo, 30 viliishia kwenye kifo. Ina maana wengi sana walipona, na hii ndiyo sehemu ya kutia moyo: uboho haujafa, umezuiwa tu. Dawa ikiachwa, kwa kawaida kiwanda kinaanza tena ndani ya wiki moja au mbili. Kazi ni kumfikisha mgonjwa hai mpaka siku hiyo.

Kuna mambo mawili ya kuongeza. Kwanza, kwa kabimazoli na methimazoli, dozi kubwa huambatana na hatari kubwa zaidi, hivyo usijiongezee vidonge kwa haraka ya kupona. Pili, kuacha na kuanza upya kunaweza kurudisha saa nyuma. Mtu aliyetumia mwaka mzima bila shida, akaacha kwa miezi kadhaa kwa sababu dawa ziliisha au alisafiri kibiashara, kisha akaanza tena, ajihesabu kama mgeni wa dawa hiyo kwa miezi mitatu mingine.

Usichanganye haya na maudhi madogo madogo. Muwasho na vipele kidogo huwapata watu wengi zaidi na mara nyingi hutulizwa bila kubadili tiba. Yapo pia madhara mengine ya damu, kama chembe sahani kupungua au uboho wote kusimama, lakini hayo ni adimu kuliko hata haya tunayoyajadili.

Si tupime damu kila wiki tu?

Swali zuri. Tatizo ni kwamba nyutrofili huweza kuporomoka ndani ya siku chache. Ukipima Jumatatu ukakutwa sawa, Ijumaa unaweza kuwa huna kitu. Kwa watu 1,000, ungehitaji maelfu ya vipimo ili uwakamate wachache hao, na bado wengine wangekuponyoka katikati. Ndiyo maana katika nchi nyingi mkazo umewekwa kwenye kumfundisha mgonjwa: ukipata homa au koo kuuma, acha kidonge na upime damu siku hiyohiyo.

Kipimo chenyewe ni picha kamili ya damu, kile kinachoandikwa FBP kwenye fomu ya maabara, na lazima kionyeshe mgawanyo wa chembe nyeupe. Jumla ya chembe nyeupe peke yake inaweza kudanganya.

Hata hivyo kuna kipimo kimoja ambacho watu wa kwetu tunakihitaji hasa: kile cha kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Sababu yake inavutia. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya na Marekani vinasema mtu mwenye afya ana nyutrofili angalau 1,500 mpaka 2,000. Waafrika wengi wazima kabisa wako chini ya hapo. Utafiti uliopima zaidi ya watu 2,000 wenye afya kutoka Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta kikomo cha chini cha kawaida kiko karibu na 1,000. Mwaka huohuo wanasayansi wa jenetiki walionyesha chanzo: badiliko la jeni linaloondoa alama iitwayo Duffy kwenye chembe nyekundu. Badiliko hilo limeenea sana Afrika kusini mwa Sahara kwa sababu linamkinga mtu na aina moja ya malaria, ile ya vivaksi. Wenye nalo hawaugui ovyo. Askari wao wanatosha, ila wachache zaidi wanaonekana kwenye damu inayotolewa mkononi. Hapa kwetu pia, mwaka 2008 vilichapishwa viwango vya maabara vya watu wazima wenye afya kutoka Mbeya, ili wataalamu wasilazimike kutegemea vipimo vya watu wa mbali.

Faida yake kwa mgonjwa wa tezi ni hii. Tuseme umepimwa katikati ya tiba ukakutwa na 1,200. Kama hakuna kipimo cha mwanzo, daktari anaweza kuogopa na kukukatizia dawa nzuri bila sababu. Kama karatasi ya mwanzo inasema 1,250, basi hiyo ndiyo damu yako. Na kama ilisema 4,000, hapo kuna jambo. Ugonjwa wa Graves wenyewe pia unaweza kushusha chembe nyeupe kidogo kabla hata ya dawa. Kwa hiyo omba kipimo cha mwanzo, na tunza karatasi yake pamoja na kadi ya kliniki.

Kwenye dirisha la duka la dawa

Hapa ndipo sayansi inapokutana na maisha ya Tunduma. Tuchukue mfano wa kubuni: mama wa miaka 45, mfanyabiashara wa mahindi, ameanza kabimazoli wiki sita zilizopita. Mchana anajisikia homa. Kesho kuna mzigo wa kupakia, kwa hiyo hana muda wa foleni. Anapita duka la dawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Koo linaniua tangu jana, na mwili unachemka."

"Umepima malaria?"

"Nimepima, haipo."

"Basi chukua amoksilini na panado. Ukimaliza dozi utakuwa sawa."

Hakuna aliyefanya uzembe wa makusudi. Muuzaji amejibu alichoulizwa, na mama hakuona uhusiano kati ya kidonge cha shingo na koo. Lakini panado itaishusha homa kwa saa chache na kumpa moyo wa kusubiri. Amoksilini ya kumeza haitoshi kwa mtu asiye na nyutrofili. Na jioni atameza tena kabimazoli kama kawaida. Akipewa Septrin ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu nayo inaweza kushusha nyutrofili.

Sentensi moja ingebadilisha kila kitu: "Natumia kabimazoli." Au swali moja kutoka upande wa pili wa dirisha: "Mama, kuna dawa nyingine unatumia?" Kwa mpakani, ambako mtu anaweza kutibiwa Nakonde wiki hii na Tunduma wiki ijayo, jina la dawa linatakiwa lisafiri na mgonjwa. Boksi tupu kwenye pochi au picha kwenye simu inatosha.

Kipimo cha malaria kikionyesha hakuna vimelea, hapo hujamaliza kutafuta. Na hata kikionyesha vipo, kwa mtu aliye kwenye miezi mitatu ya mwanzo bado picha ya damu inahitajika. Vitu viwili vinaweza kuja pamoja.

Ikithibitika, nini hufuata

Dawa inasimamishwa moja kwa moja. Mgonjwa analazwa, damu inachukuliwa kutafuta bakteria, na antibayotiki zenye nguvu zinaanza kupitia mshipa bila kusubiri majibu. Wakati mwingine hutolewa pia sindano ya kuuchochea uboho. Si kila zahanati ina mashine ya FBP, kwa hiyo kutoka Tunduma safari inaweza kuwa ya Vwawa, au kama kilomita 100 mpaka Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Ndiyo maana saa za mwanzo hazifai kupotezwa kwenye kubahatisha dawa.

Akipona, mgonjwa hatakiwi kurudia kabimazoli maisha yake yote. Wala asihamishiwe PTU kana kwamba ni kitu tofauti, kwa sababu ndugu huyo anaweza kuleta balaa lilelile. Zinabaki njia mbili: upasuaji wa tezi, au madini joto yenye mionzi, ambayo tezi inayameza yenyewe na kupunguzwa nguvu kutoka ndani. Tiba hiyo ya mionzi hutolewa katika vituo vichache vya tiba ya nyuklia, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Tunduma. Pia mtumishi wa afya anatakiwa kutoa taarifa kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Madhara adimu hujulikana yakiripotiwa.

Usiache dawa kwa woga

Tusingependa mtu amalize kusoma hapa akatupe vidonge. Tezi inayokwenda mbio bila tiba huharibu mpangilio wa mapigo ya moyo, huchosha moyo mpaka ukashindwa kazi, na inaweza kulipuka na kuwa dharura inayoua. Kwa zaidi ya watu 990 kati ya 1,000, nyutrofili hazitaporomoka hivi kamwe. Kwa hiyo yabebe haya:

- Kabla ya kuanza, omba FBP na uitunze karatasi yake.
- Ukipata homa, koo kuuma au vidonda mdomoni, usimeze kidonge kinachofuata. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, ukapime FBP.
- Kila unapotibiwa au kununua dawa, taja kwamba unatumia dawa ya tezi, na uitaje kwa jina.
- FBP ikiwa nzuri, daktari atakwambia urudi kwenye dozi lini. Usijiamulie, na usikae bila dawa kwa wiki nzima kimyakimya.
- Ukiacha kwa muda mrefu kisha ukaanza tena, hesabu miezi mitatu upya.

Na kama wewe hutumii dawa hizi lakini nyumbani kuna mama, shangazi au dada anayezitumia, mwambie hilo la pili leo. Watu wengi wanajua wameze mara ngapi kwa siku. Wachache wanajua ni siku gani wasimeze.